Louisiana au Alaska: Ununuzi Upi Unaeleza Vyema Kukua kwa Marekani?

Mwalimu wa historia anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake jinsi Marekani ilivyoacha kuwa ukanda wa majimbo 13 kando ya Bahari ya Atlantiki na kuwa nchi iliyotanda bara zima hukutana na mauziano mawili makubwa ya ardhi: lile la Louisiana, ambayo Ufaransa iliiuza mwaka 1803, na lile la Alaska, ambayo Urusi iliiuza mwaka 1867. Vipindi havitoshi kuyafundisha yote mawili kwa kina, na mwanafunzi anayeandika insha au anayejiandaa kwa mdahalo naye hulazimika kushika moja. Nimeyafundisha yote kwa miaka kadhaa, mara nikianza na hili na mara na lile, na hapa nayaweka sambamba ili mwenye kuchagua achague akijua anapata nini na anaacha nini.

Niseme mapema msimamo wangu. Kama swali ni namna ardhi iliyonunuliwa ilivyolikuza taifa changa, Louisiana ndiyo ya kuchagua. Hata hivyo, sababu ambazo wanafunzi wengi huzitoa, yaani ukubwa wa eneo na urahisi wa bei, ndizo dhaifu kuliko zote, na atakayezitegemea hataweza kueleza kwa nini Alaska, iliyokuwa kubwa na ya bei rahisi vilevile, haikuibadilisha Marekani kwa kasi ile.

Tuanze na hesabu zenyewe. Louisiana ya mwaka 1803 haikuwa jimbo dogo linaloitwa hivyo leo. Lilikuwa eneo la takriban kilomita za mraba milioni 2.1, zaidi ya mara mbili ya Tanzania, lililoanzia Ghuba ya Meksiko kusini na kupanda hadi karibu na mpaka wa Kanada, huku Mto Mississippi ukiwa upande wa mashariki na Milima ya Rocky upande wa magharibi. Bei yake ilikuwa dola milioni 15. Kati ya hizo, dola milioni 11.25 zililipwa Ufaransa kwa hatifungani, yaani hati za deni la serikali, zenye riba ya asilimia 6, na zilizobaki zilikuwa madeni ambayo raia wa Marekani walikuwa wakiidai Ufaransa, na ambayo serikali yao ilikubali kuwalipa yenyewe. Alaska ilikuwa na takriban kilomita za mraba milioni 1.5 na ikauzwa dola milioni 7.2. Ukigawanya, Louisiana iligharimu chini ya senti 3 kwa ekari na Alaska kiasi cha senti 2. Kwa kipimo cha bei, basi, Alaska ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi. Tofauti yenye maana lazima itafutwe kwingine, na mimi huitafuta kwanza mtoni.

Mto uliokuwa tayari una mizigo

Kufikia mwaka 1803 Wamarekani wengi walikuwa wamekwisha kuvuka milima ya Appalachia. Kentucky ilikuwa jimbo tangu 1792, Tennessee tangu 1796, na Ohio ikajiunga mwaka huohuo wa 1803. Mkulima wa huko alilima mahindi, ngano na tumbaku na kufuga nguruwe, lakini kuvusha mazao mazito kwa mkokoteni wa farasi juu ya milima hadi Philadelphia au Baltimore kulikula faida yote. Njia iliyobaki ilikuwa ya maji. Alikata miti, akaunda mashua bapa yenye umbo la sanduku, akapakia mapipa ya unga, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na wiski, kisha akauachia mkondo wa Mto Ohio umfikishe Mississippi, na Mississippi umteremshe hadi New Orleans. Mashua hiyo haikuweza kurudi kinyume cha mkondo. Kwa hiyo, baada ya kuuza mzigo, aliiuza na mashua yenyewe, ikavunjwa ikawa mbao za kujengea, naye akashika njia ya msituni iliyoitwa Natchez Trace kurejea kwao, kwa miguu au juu ya farasi, fedha za msimu mzima zikiwa mwilini mwake na wanyang'anyi wakiwa njiani.

Mimi huwapa wanafunzi picha hiyo kabla ya ramani yoyote, kwa sababu ndani yake mna sababu nzima ya ununuzi. Mazao ya watu hao yalikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na ufunguo wa mlango huo ulikuwa mikononi mwa taifa jingine. Hispania, iliyoitawala New Orleans wakati huo, ilikuwa imekubali katika mkataba wa mwaka 1795 kwamba Wamarekani wautumie mto na waweke bidhaa zao mjini bila kutozwa ushuru, hadi zipakiwe kwenye meli za baharini. Oktoba 1802 ofisa wa Kihispania aliyesimamia fedha mjini humo aliifuta haki hiyo. Kilichozidisha hofu ni habari kwamba Hispania ilikuwa imekwisha kuirudishia Ufaransa Louisiana kwa mapatano ya siri ya mwaka 1800, maana yake ni kwamba jirani dhaifu alikuwa anaondoka na nafasi yake inashikwa na Napoleon Bonaparte.

Rais Thomas Jefferson alimtuma James Monroe kwenda Paris kuungana na balozi Robert Livingston. Walichotumwa kukitafuta kilikuwa kidogo: mji wa New Orleans, na ikiwezekana Florida. Tarehe 11 Aprili 1803 Talleyrand, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, alimuuliza Livingston Marekani ingetoa kiasi gani kwa Louisiana yote. Barua ya kuomba maelekezo ingechukua wiki nyingi kuvuka bahari na wiki nyingi nyingine kurudi. Wajumbe hao wawili waliamua wenyewe, wakakubali kulipa zaidi ya walichoruhusiwa, na mkataba ukapewa tarehe ya 30 Aprili.

Sasa iweke Alaska kando ya habari hiyo. Mwaka 1867 hapakuwa na umati wa wakulima wa Marekani uliosongamana mpakani ukisubiri kufunguliwa. Palikuwa na wawinda nyangumi, wavuvi na wafanyabiashara wa pwani ya Pasifiki, na palikuwa na William Seward, Waziri wa Mambo ya Nje, aliyeamini kwamba mustakabali wa nchi yake ulikuwa katika biashara na Asia. Alimaliza mazungumzo na Eduard de Stoeckl, mjumbe wa Urusi, usiku mmoja bila kungoja mapambazuko, na wakatia saini saa kumi alfajiri ya tarehe 30 Machi 1867. Ulikuwa ununuzi uliofanywa kwa kutazama mbali. Siudharau, kwa sababu baadaye ulileta mengi, lakini taifa halikuwa limesukumwa kuufanya na uchumi wake.

Kuna tarehe moja ambayo wengi huiruka, nami naiona inafaa kuliko maelezo marefu. Mnamo tarehe 1 Machi 1867, siku 29 kabla ya saini ya Seward, Nebraska ilikubaliwa kuwa jimbo la 37 la Marekani, na Nebraska ni ardhi iliyotoka katika ununuzi wa Louisiana. Kwa maneno mengine, Marekani iliyoinunua Alaska ilikuwa tayari imejengwa kwa kiasi kikubwa na ununuzi wa kwanza. Ndiyo maana mwanafunzi anayeulizwa kuhusu taifa changa akajibu kwa Alaska huwa amechukua mfano wa taifa lenye umri wa miaka 91 tangu litangaze uhuru wake, lililokwisha kuwa na reli, viwanda na vita vya wenyewe kwa wenyewe nyuma yake.

Kwa nini wauzaji waliuza

Hapa Louisiana inazidi kwa mbali, na ningeichagua kwa sehemu hii peke yake, kwa kuwa jibu la swali hili halimo Paris wala Washington. Limo Haiti.

Koloni la Saint-Domingue, ambalo ndilo Haiti ya leo, lilikuwa chemchemi ya utajiri wa Ufaransa kwa sukari na kahawa zilizozalishwa na watumwa kutoka Afrika. Mwaka 1791 watumwa hao waliinuka. Toussaint Louverture, aliyezaliwa utumwani, akawa jemadari na mtawala wa koloni zima. Mpango wa Napoleon ulikuwa kukirejesha kisiwa katika utiifu na utumwa wake wa zamani, na Louisiana iwe ghala la kukilisha: nafaka, nyama na mbao zitoke bonde la Mississippi, sukari itoke kisiwani. Alimtuma shemeji yake, Jenerali Leclerc, na maelfu ya askari. Toussaint alikamatwa kwa hila mwaka 1802 akapelekwa Ufaransa, lakini vita havikukoma, na homa ya manjano iliwaangusha askari kwa maelfu. Leclerc mwenyewe alikufa Novemba 1802. Bila kisiwa, ghala halikuwa na kazi. Na kwa kuwa vita na Uingereza vilikuwa mlangoni tena, Louisiana ingeweza kuchukuliwa bure na manowari za Waingereza, afadhali iuzwe.

Toussaint alifariki tarehe 7 Aprili 1803 katika chumba cha baridi cha ngome ya Fort de Joux, mashariki mwa Ufaransa. Siku 4 baadaye Talleyrand alimuuliza Livingston lile swali. Nikifika hapa darasani huziandika tarehe hizo mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, nikanyamaza kidogo. Watu waliokataa kuwa watumwa tena ndio walioufanya ununuzi uwezekane, na wao hawakupata katika hati hiyo hata mstari mmoja. Haiti ilijitangazia uhuru tarehe 1 Januari 1804, lakini Marekani, taifa lililofaidika na ushindi wao kuliko taifa lolote, ilikataa kuitambua hadi mwaka 1862. Mwanafunzi wa Kiafrika anastahili kulijua hilo, na ni vigumu kupata mlango mwingine wa kuliingiza katika somo la upanuzi wa Marekani.

Sababu za Urusi ni fupi zaidi. Vita vya Crimea vya miaka ya 1853 hadi 1856 viliiacha bila fedha na vikaionyesha kwamba isingeweza kuilinda Alaska kama Uingereza, iliyokuwa jirani huko Kanada, ingeitaka. Fisi-maji wa baharini, ambao ngozi zao zenye manyoya mazito zilikuwa ndiyo biashara iliyowapeleka Warusi huko, walikuwa wamewindwa hadi kukaribia kwisha. Tsar Aleksander II akaona heri fedha kidogo mkononi na rafiki upande wa pili wa bahari. Wauzaji wote wawili, kwa hiyo, walimkwepa adui mmoja, Mwingereza. Ajabu ni kwamba katika ununuzi wa Louisiana benki ya Baring ya London, pamoja na ile ya Hope ya Amsterdam, ndizo zilizozichukua hatifungani za Marekani na kumpatia Napoleon fedha taslimu, ambazo alizihitaji kwa vita dhidi ya Uingereza yenyewe.

Nini hasa kiliuzwa

Mikataba yote miwili ina kasoro moja katika msingi wake, na wowote utakaouchagua huna budi kuifundisha. Ufaransa haikuwa ikiimiliki nchi ya makabila ya wenyeji, iwe ya Waosage, ya Wasioux au ya Wapawnee. Ilikuwa na miji michache kandokando ya mito. Urusi nayo ilikuwa na vituo vya biashara kwenye visiwa na pwani ya Alaska, na raia wake walioishi huko walikuwa mamia tu. Kilichouzwa, kwa lugha ya sheria za mataifa ya Ulaya, kilikuwa haki ya kuwa mnunuzi au mvamizi wa pekee katika nchi za watu wengine bila kuingiliwa na dola nyingine. Ardhi yenyewe Marekani iliipata baadaye, kipande kwa kipande, kwa mikataba, kwa vita na kwa kuwafukuza wenyeji. Mwaka 1808, kwa mfano, Waosage walitia saini mkataba ulioondoa mikononi mwao sehemu kubwa ya Missouri na Arkansas za leo. Kwa hiyo ile bei ya senti 3 kwa ekari, inayorudiwa kila mahali kama ajabu ya biashara, haijajumuisha gharama iliyolipwa na wenye nchi.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 ili pwani ya Mrima, ambayo miaka miwili kabla ilikuwa imekodishwa kwa kampuni ya Kijerumani, iwe yake moja kwa moja. Watu wa Pangani, Saadani na Bagamoyo, waliokuwa wamepigana chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri kuipinga kampuni hiyo, hawakuwa upande wowote wa mauziano hayo.

Katika kipengele hiki mikataba miwili inatofautiana kwa namna inayofaa kulinganishwa neno kwa neno. Kifungu cha 3 cha mkataba wa 1803 kiliahidi kwamba wakazi wa Louisiana wataingizwa katika Muungano na kupewa haki zote za raia. Ahadi hiyo kwa vitendo iliwafikia Wazungu wa New Orleans. Haikuwafikia watumwa, na watu weusi huru wa mji huo walipewa haki nusunusu. Kifungu cha 3 cha mkataba wa 1867 nacho kiliahidi uraia kwa wakazi watakaobaki, isipokuwa, kilisema waziwazi, makabila ya wenyeji yasiyostaarabika. Mkataba wa kwanza ulinyamaza kuhusu waliotengwa. Wa pili uliwataja ili uwatenge.

Watlingit wa kusini mashariki mwa Alaska walilalamika tangu mwanzo kwamba Mrusi ameuza kisicho chake, kwa kuwa yeye alikuwa mpangaji kwenye ufuo wao. Mwaka 1955 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la ukoo mmoja wa Watlingit, kwamba serikali haikulazimika kuwalipa fidia kwa miti iliyokatwa katika nchi yao ya jadi. Ni mpaka mafuta yalipogunduliwa Prudhoe Bay, kaskazini mwa Alaska, mwaka 1968, na bomba la kuyasafirisha likahitaji kupita katika ardhi yenye madai, ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya mwaka 1971 iliyowapa wenyeji asilia wa Alaska ekari milioni 44 na dola milioni 962.5. Weka takwimu hiyo kando ya dola milioni 7.2 alizolipwa Tsar, na hata ukikumbuka kwamba thamani ya dola ilikuwa imeshuka sana katika miaka hiyo 104, utaona ni nani aliyekuwa akidai nini. Kwa mtu anayetafuta mfano wa kufundishia haki za ardhi za wenyeji, nakiri kwamba Alaska ni bora kuliko Louisiana, kwa sababu kesi yake ilifika mwisho unaoweza kusomwa katika sheria.

Kukua, na ufa uliokuja na kukua

Jimbo la Louisiana lilikubaliwa katika Muungano mwaka 1812, miaka 9 tu baada ya ununuzi. Alaska ilingoja hadi tarehe 3 Januari 1959, yaani miaka 92. Sifahamu namna fupi zaidi ya kuonyesha tofauti ya mauziano haya mawili. Kutoka katika eneo la Louisiana yalipatikana majimbo 15, mengine mazima na mengine kwa sehemu, yakiwemo Missouri, Arkansas, Iowa, Kansas, Nebraska na Oklahoma. Mashua za mvuke zilianza kufanya kazi katika Mississippi miaka michache baada ya ununuzi, na mkulima hakulazimika tena kuivunja mashua yake na kurudi kwa miguu. Ngano na mahindi ya nyanda hizo yalikuja kulisha miji ya mashariki na baadaye Ulaya.

Pamba na miwa vilikua kwa kasi hiyohiyo, na vilikua juu ya migongo ya watumwa. Hapa ndipo ninapowaonya wenzangu wasiifundishe Louisiana kama habari ya mafanikio pekee. Mashine ya kuchambulia pamba ya mwaka 1793 ilikuwa imeifanya pamba iwe na faida kubwa, na bonde la chini la Mississippi likawa na udongo inaoutaka. Sheria ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia mwaka 1808, biashara iligeukia ndani: watu waliuzwa kutoka Virginia na Maryland, wakatenganishwa na wake, waume na watoto wao, wakashushwa kwa mto na bahari hadi New Orleans, uliokuja kuwa mnada mkubwa kuliko yote wa watumwa nchini. Januari 1811 mamia ya watumwa wa mashamba ya miwa yaliyo juu kidogo ya mji huo waliinuka na kuandamana kuelekea mjini. Walizimwa kwa ukatili. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mkulima wa Ohio ulikuwa mlango huohuo.

Kila jimbo jipya lilileta swali: litakuwa la utumwa au la uhuru? Missouri ilipoomba kuingia, Bunge lilivutana hadi likafikia mapatano ya mwaka 1820, yaliyochora mstari kwenye latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30 katika ardhi iliyobaki ya ununuzi. Utumwa ulizuiwa kaskazini yake, isipokuwa Missouri yenyewe. Sheria ya Kansas na Nebraska ya mwaka 1854 iliufuta mstari huo, Kansas ikamwaga damu, na mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Ardhi iliyolikuza taifa ndiyo iliyolipasua, na mwanafunzi akiifuata kutoka 1803 hadi 1861 hupata uzi mmoja usiokatika, jambo ambalo Alaska haiwezi kumpa.

Sehemu hiyohiyo ya ununuzi ilitumika pia kama mahali pa kuwatupia watu wasiotakiwa kwingine. Sheria ya kuwahamisha wenyeji ya mwaka 1830 iliwasukuma Wacherokee, Wachoctaw, Wacreek na wengineo kuvuka Mississippi hadi eneo ambalo leo ni Oklahoma. Katika safari ya Wacherokee ya mwaka 1838 na 1839 inakadiriwa kwamba watu 4,000 walikufa, karibu mmoja kati ya kila wanne.

Lipo pia suala la Katiba, ambalo nitaligusa kwa ufupi. Jefferson aliamini kwamba serikali kuu haina mamlaka ila yale yaliyoandikwa, na Katiba haikutaja popote ununuzi wa nchi ya kigeni. Aliandaa rasimu ya marekebisho, kisha akaiweka kando kwa kuogopa kwamba Napoleon angebadili nia. Seneti iliuidhinisha mkataba kwa kura 24 dhidi ya 7. Mwaka 1828 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba serikali inaweza kupata ardhi kwa mkataba, hivyo Seward alikuta njia imekwisha kulimwa. Ugumu wake ulikuwa wa fedha: Seneti ilikubali upesi kwa kura 37 dhidi ya 2, lakini Baraza la Wawakilishi lilichelewesha malipo hadi Julai 1868, na magazeti kadhaa yakaipachika Alaska majina ya dhihaka kama jokofu la Seward.

Dhihaka hiyo ilikoma dhahabu ilipopatikana karibu na mahali ulipo mji wa Juneau mwaka 1880, kisha Nome mwishoni mwa karne hiyo. (Klondike, ambayo wanafunzi huitaja karibu kila mwaka, iko Kanada, Alaska ilikuwa njia ya kuifikia.) Mwaka 1942 Wajapani waliviteka visiwa vya Attu na Kiska, na Marekani ikatambua kwamba ardhi hiyo ni ngao. Halafu yakaja mafuta, na bomba la kilomita zipatazo 1,290 lililoanza kufanya kazi mwaka 1977. Yote hayo ni makubwa, lakini yalilitajirisha na kulilinda taifa lililokuwa limekwisha kukomaa.

Namna ya kuchagua

Anayeandika kuhusu kukua kwa taifa changa, kuhusu chimbuko la vita vya 1861, au kuhusu uhusiano wa historia ya watu weusi wa Karibi na Amerika Kaskazini, achukue Louisiana bila kusita, na aanze na mashua bapa na Haiti kabla ya kumfikia Jefferson. Anayeandika kuhusu rasilimali zilizojitokeza baada ya ununuzi, kuhusu haki za ardhi za wenyeji mbele ya mahakama, au kuhusu Urusi na Marekani kama majirani, achukue Alaska, ambayo ina nyaraka chache na inamezeka kwa wiki moja.

Kwa mwenye nafasi ya somo moja tu la kugusa zote mbili, nashauri asitumie takwimu bali sherehe za makabidhiano. Mjini St. Louis, kando ya Mto Mississippi, tarehe 9 Machi 1804, bendera ya Hispania ilishushwa na ya Ufaransa ikapandishwa, kwa sababu Ufaransa haikuwa bado imekabidhiwa rasmi eneo la juu ililokwisha kuliuza. Inasimuliwa kwamba wakazi wenye asili ya Kifaransa waliomba ibaki ikipepea usiku mmoja, wakakubaliwa, na tarehe 10 ikapanda ya Marekani. Mjini Sitka, Alaska, tarehe 18 Oktoba 1867, bendera ya Urusi ilinasa kwenye mlingoti na kukataa kushuka. Ikabidi askari avutwe juu kwa kamba kuinasua, naye alipoiachia ikaangukia kwenye singe za wenzake waliokuwa wamejipanga chini.